Kiu ya Anastazia

Asubuhi za msimu wa kahawa Anastazia aliamka mapema, akachota maji, akafagia uwanja, kisha akawatangulia wenzake wa darasa la tano kwenda shamba la kijiji chao, Iyula. Kwa kuchuma kahawa hakuwa na mpinzani, hata wasichana wakubwa wa Iyula walimkubali. Lakini mwaka huo, wa pili tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, mikono yake ilianza kuwa mizito. Alikaa chini ya mibuni akihema, na gauni lililomkaza wakati wa Pasaka sasa lilimning'inia.

Kilichomtisha zaidi ni kiu. Alikunywa kata baada ya kata ya maji, na usiku akalowesha kitanda kama mtoto mchanga, yeye mwenye miaka kumi na miwili. Mama yake, Fides, hakumpiga. Alifunika mtungi tu, akamkataza kunywa maji kuanzia jioni, akidhani anamsaidia. Anastazia aliona aibu kubwa. Akawa anatoroka kwenda kunywa maji machafu ya mfereji wa kuoshea kahawa, na akiulizwa anakana.

Kisha wakaja sisimizi. Nyuma ya nyumba, mahali alipokwenda haja ndogo, walijaa hadi ardhi ikawa nyeusi. Alimwaga majivu, wakarudi. Siku moja baba yake, Osea, akawaona. Tangu wagawiwe kiwanja kile, watu walinong'ona kwamba nyumba za safu ile zilijengwa juu ya makaburi ya kale. Sasa Osea alisadiki. Aliamua kwamba familia irudi kwanza kwenye mahame yao, makazi ya zamani waliyohamishwa, mwendo wa kutwa nzima, wakatambike huko.

Siku ya kuondoka Anastazia hakuweza kusimama. Alikuwa amelala tu, lakini alipumua kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva mno. Alijua kwamba safari ile hataimaliza. Hofu ikaishinda aibu.

"Mama," alisema kwa shida, "si makaburi. Sisimizi wanafuata mkojo wangu. Hata kule shambani wanakuja. Na maji nimekuwa nikiyanywa kwa siri kila siku."

Fides alimtazama mumewe. Osea aliuweka chini mzigo wa safari. Walifunga blanketi kwenye miti miwili wakambeba mtoto hadi zahanati, Osea akitangulia mbele bila kupumzika.

Mganga wa zahanati, Ndugu Anania, aliinusa ile pumzi na uso wake ukabadilika. Alichanganya matone ya mkojo na dawa ya buluu, akaipasha moto juu ya taa ya spiriti. Buluu iligeuka kijani, ikawa njano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali. Alisema kwamba ni ugonjwa wa kisukari, na kwamba hawana muda. Gari lililoleta dawa lilikuwa bado uani, likawakimbiza hospitali. Huko Anastazia alilala siku kadhaa bila kumtambua mtu, na Fides alimwomba Mungu mpaka sauti ikamkauka.

Anastazia alipozinduka na kurudishwa nyumbani, Ndugu Anania alimwita zahanati pamoja na wazazi wake.

"Mwili una wajumbe wa aina mbili," aliwaeleza. "Mishipa ya fahamu hupeleka amri za ubongo mbio. Homoni husafiri ndani ya damu. Homoni moja, insulini, hutoka kwenye kongosho na kuiingiza sukari kwenye misuli. Ya mtoto wenu imekoma. Sukari ikajaa kwenye damu, figo zikaitoa pamoja na maji, na ubongo ukamwamuru anywe. Ile kiu haikuwa ukaidi. Sasa itabidi achomwe sindano za insulini kila siku."

Fides alijifunika uso kwa kanga. Osea aliuliza sindano hizo ni mpaka lini.

"Maisha yake yote. Akiziacha, yatarudi yote, na huenda safari hiyo asifike hapa."

Kisha mganga akamgeukia msichana. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulisema kikiwa kimeshafika mlangoni. Mwili ukikwambia jambo, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, hata kama unaona haya."

Alifungua jokofu la mafuta ya taa, akatoa chupa ndogo ya insulini. Anastazia alipandisha mkono wa gauni lake mwenyewe, kabla hajaambiwa.