Yai Lisilo na Uzito

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Barke alipitia nyuma ya madarasa ya shule yao kule Mjambere, akawamwagia kuku chicha za nazi alizowekewa na mama yake baada ya kukamua tui. Kundi la Barke liliwalisha kuku wa banda moja chicha na pumba. Kundi la Dancun, mvulana aliyehamia kutoka Changamwe, liliwalisha wa banda la pili chakula cha dukani. Mayai yalipimwa kwa mizani, kisha chama chao cha kompyuta kikaingiza uzito wake kwenye programu, ili kijulikane chakula kipi kinaleta yai kubwa zaidi.

Jumatatu hiyo programu ilichora grafu ya wiki iliyopita. Nguzo ya kundi la Dancun ilipanda juu kabisa, ya kundi la Barke ikachuchumaa chini. Wastani wao ulikuwa gramu hamsini, na wa kina Barke arobaini. Barke aliingiwa na wasiwasi. Mayai ya mabanda yote mawili aliyashika kwa mikono yake, na hakuona tofauti.

"Hapa pana mkono wa mtu," alimnong'oneza rafiki yake Wardah. "Ijumaa sisi hutoka mapema kwenda kuswali. Nani hubaki na kuku? Nani hubaki na kompyuta?"

"Dancun," Wardah akajibu, macho yamemtoka.

Dhana ikishaingia moyoni, kila kitu hugeuka ushahidi. Barke alimwona Dancun amebeba furushi la gazeti, na kipande cha ganda la yai kikichungulia. Wakati wa mapumziko alimkuta peke yake chumba cha kompyuta, akiandika kitu kwenye karatasi. Dancun alipomwona, aliifunika karatasi kwa kiganja. Basi ikawa imetosha! Barke akawasimulia wenzake darasani. Kufikia saa ya chakula, nusu ya darasa walikuwa wakimwita mwizi wa mayai, na hakuna aliyetaka kuketi naye.

Barke alikwenda kwa Mwalimu Mwanasaumu, mlezi wa chama. "Mwalimu, wallahi Dancun ameichezea hesabu."

"Hilo ni neno zito, mwanangu. Likiwa kweli, Dancun atatoka chamani. Twende tukatazame."

Mbele ya wanachama wote, Mwalimu alipima mayai ya siku hiyo. Ya banda hili na ya banda lile yalikuwa na gramu hamsini hivi.

"Basi hiyo arobaini imetoka wapi?" akauliza.

Dancun akasema, "Mwalimu, si tutoe wastani wa kila siku peke yake?"

Barke aliandika amri hiyo kwenye kompyuta. Kwa kundi lake, Jumatatu hadi Alhamisi zilikuja hamsini hamsini. Ijumaa ikaja sifuri.

"Kuku gani huyu atagaye yai lisilo na uzito?" Mwalimu akauliza, na wanafunzi wakaangua kicheko.

Barke hakucheka. Alikumbuka kwamba programu iligoma kwa sababu ya nafasi tupu za Ijumaa, siku ambayo kundi lake halikupima mayai. Kwa haraka zake, aliiagiza ijaze sifuri kila palipo patupu. Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, lawama zote zingebaki kwa Dancun. Aliona aibu, na aliogopa sana.

"Mwalimu, sifuri hizo nimezitia mimi," alisema hatimaye. "Na grafu nimeianzisha kwenye gramu thelathini na tano ili ipendeze. Ndiyo maana nguzo yao imeonekana mara tatu ya yetu."

Waliziondoa zile sifuri, wakaianzisha grafu chini kabisa, kwenye gramu sifuri. Nguzo mbili zikasimama karibu sawa.

"Na furushi?" Wardah akauliza, bado ana shaka.

"Ni maganda tu ya jikoni. Mamangu huyaponda, anaweka kwa sukuma wiki kama mbolea," Dancun akajibu. "Na kwa ile karatasi nilikuwa napiga hesabu kwa mkono. Hata mimi sikuamini tumewashinda hivyo. Nilificha juu nilijua mtanicheka."

"Barke," Mwalimu akaita.

"Abee, Mwalimu."

"Umemchafua darasani. Utamsafisha wapi?"

Barke alikwenda darasani, akasimama mbele ya wote, akaeleza kosa lake bila kuficha neno. "Nisamehe, Dancun. Wewe si mwizi." Dancun akasema, "Ijumaa nitawapimia mayai yenu, mkitaka."

"Tafadhali tupimie," Barke akajibu.

Mwalimu Mwanasaumu aliwatazama wote. "Siku ambayo hamkupima si sifuri," akasema. "Ni siku msiyoijua. Na mtu ni vivyo hivyo. Pale msipojua habari zake, msijaze ubaya. Paacheni patupu, kisha muulizeni mwenyewe."