Samaki Wenye Mashavu Yaliyovimba

Amédée Banza alikuwa mfanyakazi wa reli huko Kamina. Mkewe, Mwadi, alilima muhogo na karanga nyuma ya nyumba yao, karibu na kijito. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana mdogo aliyeitwa Élisa.

Mwaka 1953 mama yake Mwadi alikuja kuishi nao. Aliitwa Marthe Kyabu. Alitoka kijijini, upande wa Kabongo, baada ya kufiwa na mumewe.

Mama Marthe alikuwa amebakiwa na meno mawili tu. Nyama ilimshinda. Samaki wakavu kutoka Kinkondja walikuwa wagumu, na miiba yao ilimchoma ufizi. Alikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, siku baada ya siku. Akakonda.

Amédée aliona jambo hili na likamsumbua. Kwa desturi yao, mwanamume hali pamoja na mama mkwe wake, wala hamtazami machoni. Akiwa na neno la kumwambia, alimtuma Mwadi. Lakini alimpenda bibi huyu. Kila jioni alimsikia upande wa pili wa ukuta, akimwimbia Élisa mpaka mtoto alale.

Samaki wabichi ni laini, Amédée aliwaza. Kiangazi kilipofika alianza kuchimba bwawa. Alichimba kila siku baada ya kazi, na Mwadi alibeba udongo kwa kikapu. Wakafungua mfereji kutoka kwenye kijito, maji yakaingia. Mwezi wa Septemba mtu wa kilimo aliwaletea samaki wadogo sitini aina ya tilapia.

Samaki walikua vizuri. Mwadi aliwapa majani ya muhogo, mchwa na machicha ya pombe. Mwezi wa Februari walikuwa wakubwa kama kiganja cha mkono. Amédée alisema waache kwanza wazaane, kisha wataanza kuwala.

Ndipo Mwadi akaona samaki mmoja aliyevimba mashavu. Hakuja kula. Alikaa pembeni peke yake, kichwa kikubwa na mwili mwembamba. Amédée alimtoa kwa wavu na kumzika mbali, ili asiwaambukize wengine. Juma lililofuata waliona wawili kama yule. Kisha watatu. Wote walizikwa.

Baada ya Pasaka walikuwa wamezika samaki kumi na wawili. Wengine walikuwa wameliwa na ndege. Watoto wa samaki hawakuonekana hata mmoja. Na Mama Marthe alimwambia bintiye kwamba mvua zikiisha atarudi Kabongo kwa mwanawe Ambroise. Hakutaka kuwa mzigo kwa mkwe wake.

Siku hizo, karibu na gare, kituo cha treni cha Kamina, kulikuwa na nyumba mpya ya matofali. Watu waliiita nyumba ya samaki. Ndani yake samaki waliogelea katika matangi makubwa ya kioo. Siku ya Jumapili kila mtu aliweza kuingia. Baada ya misa, Amédée na Mwadi walimpeleka Élisa.

Mwadi alisimama mbele ya tangi la tilapia. Akamvuta mumewe mkono. Pembeni, peke yake, alikaa samaki mwenye mashavu yaliyovimba.

Amédée alimwita mtunzaji wa samaki, mzee aliyeitwa Philémon.

"Baba, mumutoshe uyu samaki mu maji," alisema. "Iko na ugonjwa. Ataambukiza bengine."

"Haiko ugonjwa," Philémon alijibu. "Musimame kimya. Muangalie."

Walisimama. Baada ya muda samaki yule alifungua kinywa. Vitu vidogo vikatoka, vyeusi, vingi, kama punje za mtama zinazoogelea. Élisa alipiga kioo kwa mkono. Mara moja samaki alifungua kinywa tena, na vitu vile vyote vikakimbilia ndani.

"Ile njo batoto yake," Philémon alisema. "Akitaga mayai, anayachunga mu kinywa. Batoto bakitoka mu mayai, anabachunga tena. Juma mbili, juma tatu. Siku zote zile hakuli kitu. Njo maana anakonda."

Amédée aliutoa mkono wa Élisa kwenye kioo.

"Siye tulibazika," alisema. "Mama kumi na mbili. Miye nilizania ni ugonjwa."

Philémon hakumcheka. Aliwapeleka mpaka kwenye tangi moja lililokuwa tupu. Akawaeleza kwamba nyumba ilipofunguliwa, ndani yake aliishi kasa, mnyama wa baharini mwenye gamba mgongoni, aliyeletwa kwa treni pamoja na mapipa ya maji ya chumvi. Kasa yule alikuwa akimjua Philémon. Alikuja akimwona. Watu walimpenda, wakamtupia mikate na ndizi. Chakula kilioza, maji yakachafuka, na hapakuwa na maji mengine ya bahari. Kasa aliishi siku arobaini tu. Philémon mwenyewe alimzika.

"Nilimupenda sana," alisema. "Lakini sikujua maisha yake. Tangu pale, kila munyama ninayochunga, ninauliza kwanza: anakula nini, anazaa namna gani, maji yake iko namna gani?"

Kisha akawafundisha. Samaki akivimba mashavu, aachwe kwa utulivu. Kwenye kina kifupi zibaki nyasi kidogo, ili wadogo wajifiche. Chakula kisizidi kile wanachomaliza, maana kinachooza huharibu maji. Na mashimo ya mviringo chini ya bwawa yasifukiwe, kwa kuwa samaki dume huyachimba ili jike atage humo.

Tangi la tilapia lilikuwa dogo kwa watoto wote wale wa samaki. Wangebaki humo, samaki wakubwa wangewala. Kwa hiyo Philémon aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, na juma lililofuata akawapa ndoo ya samaki wadogo. Aliwaonya wasiwamwage ghafla. Amédée aliitumbukiza ndoo bwawani, akaongeza maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo, mpaka samaki wakayazoea. Ndipo akawaachilia.

Mwadi alimsihi mama yake asubiri. Mama Marthe akakubali kungoja mpaka Noeli.

Mwezi wa kumi na mbili bwawa lilijaa samaki, wakubwa kwa wadogo. Ambroise alifika kutoka Kabongo kumchukua mama yake. Mwadi alipika samaki wabichi kwa mafuta ya mawese. Mama Marthe alikula mmoja, akala wa pili, akanyonya na kichwa. Uso wake ulikuwa umejaa tena.

Amédée alikuwa akila peke yake, nyuma ya ukuta. Mama Marthe aliinua sauti ili naye asikie.

"Ambroise, weye ni mwana wangu. Na huyu wa hapa ni mwana wangu. Nabakia."

Amédée hakujibu, maana desturi haikumruhusu. Lakini Mwadi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona akiweka tonge chini na kufuta macho.