Nilingoja Bei ya Treni Ishuke

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tatu, baba wa watoto watatu, na kazi yangu ni udalali wa mbuzi hapa Mwingi. Nimeokoka. Sinywi, sivuti, na sijawahi kumwinulia mtu mkono. Nawaambia haya mapema, wasomaji wenzangu, ili msidhani mikosi huwaandama walevi peke yao...

Katika soko la mbuzi kuna desturi ambayo kila mtu huku anaijua. Mwenye mbuzi akikutajia bei, usikubali. Unamshika mnyama mgongo, unaguna, unasema amekonda, kisha unaondoka polepole. Kabla hujafika mbali utasikia, "Wee, kuja tuongee." Nimelisha familia yangu kwa kuondoka hivyo. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nikiondoka, hata mbuzi mwenyewe hunifuata. Nami nilikuwa nikicheka na kujiona mwerevu kuliko wote.

Dada yangu Mwikali alikuwa kitinda mimba wetu, na binti pekee. Alienda Ujerumani kufanya kazi ya kutunza wazee. Ndiye aliyemjengea mama nyumba ya mawe na kumwekea tangi la maji. Kisha akaanza kuumwa na tumbo. Walipompima walikuta saratani, tena imeshasambaa. Kumleta nyumbani haikuwezekana. Alinipigia simu, sauti imekwisha kabisa, akaniambia, "Kaka, niletee Mwaitu nimuone." Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

Kanisa likafanya harambee. Visa zikatoka, tikiti za ndege zikalipwa. Lililobaki lilikuwa jambo dogo tu, treni ya kututoa uwanja wa ndege hadi mji alikolazwa Mwikali, mbali upande wa mashariki. Hilo niliachiwa mimi. Nani mwingine alijua bei kunishinda?

Nikaenda saiberi kwa Mutheu, binti wa mzee wetu wa kanisa. Akafungua tovuti ya treni za huko, akanieleza pole pole. Tikiti zilikuwa za aina mbili. Moja ilikuwa rahisi, lakini ya treni ile moja tu, ikikuacha imekufa. Nyingine ilikuwa ghali kidogo, na nayo ungepanda treni yoyote siku hiyo. Mutheu akanishauri nichukue ya pili, maana ndege huchelewa. Nikaitazama bei, nikaguna. Nikamwambia afunge, nitarudi kesho.

"Uncle, hii ni kompyuta," akasema. "Ukienda haikuiti. Kesho utapata imepanda."

Nilimcheka. Kesho yake nikapata imepanda. Je, niliinunua? Sikuinunua! Nilijiambia muuzaji ananipima. Hata wauza nyanya wa Kwa Vonza huteremsha bei jua likielekea kuzama, sembuse treni yenye viti vitupu? Nikaondoka tena. Niliporudi wiki iliyofuata ilikuwa imepanda zaidi, nami nikazidi kukaza moyo...

Safari ilipokaribia, bei ya ile tikiti ya treni yoyote ilikuwa imefika mahali ambapo moyo wangu ulikataa kabisa. Nikamwagiza Mutheu anunue zile rahisi, moja yangu na moja ya Mwaitu. Hata hizo zilikuwa zimekaribia bei ya zile ghali za siku ya kwanza. Nilichokuwa nakiokoa, ndugu zangu, ni bei ya mbuzi mmoja. Mbuzi wa kawaida tu.

Mwaitu hakuwa amewahi kupanda ndege. Alibeba muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwa sababu Mwikali alisema mdomo wake unakataa chakula cha hospitali. Ndege ikachelewa. Foleni ya pasipoti ikawa haisogei. Tulipofika kwenye stesheni, treni yetu ilikuwa imeondoka na tikiti zetu zimekuwa karatasi za kufungia karanga.

Dirishani palikuwa na mwanamke mpole. Tukaelewana kwa Kiingereza changu cha shule. Akaniambia ipo treni moja zaidi ya kutufikisha jioni hiyo, inaondoka muda si mrefu, viti vipo. Akanitajia bei.

Nisikilizeni vizuri hapa. Pesa nilikuwa nazo... Nilikuwa nimezifunga kiunoni!

Na mimi nikafanya nini? Nikaguna. Nikamwambia hiyo ni nyingi, anisaidie kidogo. Akasema bei ni hiyo. Nikageuka, nikaondoka polepole, masikio yangu yote yakiwa nyuma. Nikamsikia akimwita mtu aliyefuata.

Mwaitu alikuwa ameketi kwenye benchi, mfuko wake mapajani. "Umepata?" akaniuliza.

"Bado tunaongea, Mwaitu."

"Sawa. Wewe ndiye unajua mambo ya bei."

Nikasimama pale nikijifanya nasoma ubao, nikingoja kuitwa. Nilipopata akili na kurudi, foleni ilikuwa ndefu na mimi nikawa wa mwisho. Nilipofika dirishani yule mwanamke alitikisa kichwa kwa huruma. Treni ilikuwa imeenda. Iliyobaki ilikuwa ya asubuhi.

Nikalipa bei ile ile niliyoikataa. Tukalala kwenye benchi.

Mwikali aliaga dunia alfajiri, sisi tukiwa bado stesheni. Tulipofika hospitalini, muuguzi alitueleza kwamba usiku ule hakutaka kulala. Aliomba kitanda chake kigeuzwe kielekee mlangoni, na kila mara mlango ulipofunguliwa aliuliza kama ni mama yake. Mwaitu alimwendea bado ameshika mfuko wa muthokoi, akamwita kwa jina, akamwita tena... Mimi nililia mpaka watu nisiowajua wakanishika nisianguke. Ningewezaje kumwambia mtu ninachokililia?

Siku hizi nikitajiwa bei sokoni, nalipa. Wenzangu wanasema nimelegea. Waache waseme.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi sikuwa na tamaa. Nilikuwa na ubahili niliouita werevu, na ubahili na tamaa ni ndugu wa tumbo moja. Ninyi mtakaowafuata watoto wenu huko ng'ambo, nawasihi, nunueni tikiti ya treni mapema, siku ile ile mnapojua tarehe. Kama kuna mtu anawangoja, chukueni ile inayowaruhusu kupanda treni yoyote, hata ikiuma. Mitambo ya wenzetu haijui desturi zetu. Ukiipa mgongo, haikuiti, na mgonjwa naye hawezi kungoja mpaka bei ikupendeze.

Mkinilaani sitawalaumu. Ninachokiogopa mimi kiko hapa nyumbani. Kila mgeni anayekuja kutupa pole, Mwaitu humwekea kiti, humpa chai, kisha humsimulia jinsi ndege ilivyochelewa na kumnyima kumuona mwanawe akiwa hai. Ndege ile ameilaani mpaka sauti imemkauka. Akimaliza, hunigeukia.

"Si ndivyo ilikuwa, mwanangu?"

Nami humjibu, "Ndivyo, Mwaitu."