Safari ndefu ya Kiroboto

Jumamosi asubuhi duka la spea lilikuwa limefurika. Mafundi wenye ovaroli zilizolowa oili, madereva wa teksi, na mama mmoja aliyekumbatia kioo cha pembeni kilichopasuka, wote walikuwa wameegemea kaunta wakipaza sauti kwa pamoja. Katikati yao alibanwa dada mmoja mwenye gauni la bluu na raba nyeupe, akipekua mkoba wake kutafuta pedi ya breki iliyolika, aliyokuja nayo kwa mfano. Mtu akampiga kikumbo, mkoba ukapinduka, na juu ya kaunta, katikati ya beringi na plagi, yakadondoka meno. Meno kamili ya juu, na ufizi wake wa rangi ya waridi.

Muuza spea akaruka nyuma. "Mama yangu! Hiki nini tena?"

Duka zima likageuka. Kisha mkono mmoja mrefu ukanyooshwa, ukayaokota yale meno kwa adabu, kama mtu anayeokota hereni.

"Dada, umedondosha tabasamu."

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la mistari lililopauka mabegani. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, mpaka ikambidi dada asogee kuisikia.

"Si langu," dada akajibu, uso umemwiva kwa aibu. "Ni la mzee mmoja, ananisubiri mtaa wa pili. Wiki nzima hajatafuna kitu."

"Na hii pedi ya breki ni ya mzee huyohuyo?"

"Hiyo ni ya Kiroboto."

"Unampiga breki kiroboto?"

Dada akacheka, na kucheka kwake kukawafungulia wengine mlango. Mpaka wanatoka dukani, yeye na pedi zake, yule mwanamume na beringi za trela lake, walikuwa wameshabadilishana namba za simu, na mzee wa mtaa wa pili alikuwa amecheleweshewa meno yake kwa nusu saa nzima.

Dada huyo alikuwa fundi wa meno bandia, na watu walimwita hivyo hivyo, Fundi. Kutwa alishinda kwenye chumba chenye vumbi jeupe la plasta, akichonga magego na kuyapaka rangi ili yafanane na ya kuzaliwa. Lakini nyuma ya nyumba ya shangazi yake, alikokuwa akiishi, kulikuwa na gereji, na ndani ya gereji aliishi Kiroboto: kigari kidogo cha kahawia, hakina viti vya nyuma, hakina redio, kina injini iliyofungwa na kufunguliwa na mikono yake mwenyewe zaidi ya mara kumi. Kwa miaka sita alikuwa amekikimbiza kwenye uwanja wa mbio uliokuwa dakika ishirini tu kutoka mjini. Kisha uwanja ule ukazungushiwa uzio na kujengwa maghala. Miaka miwili sasa Kiroboto alikuwa akinguruma gerejini kila Jumapili, halafu anazimwa.

Yule mwanamume kazi yake ilikuwa kupeleka maspika na majukwaa kwenye sherehe, akiyakokota kwa pikapu na trela. Basi naye aliitwa Spika, kwa dhihaka, maana yeye mwenyewe aliongea kwa kunong'ona.

"Unapiga kelele za watu wengine, zako umeziweka wapi?" Fundi alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Nimezihifadhi. Nakusubiri wewe uniudhi."

"Utasubiri sana, kipenzi."

Miezi minne ikapita hivyo. Spika akawa anakuja jioni kumshikia taa wakati anaingia uvunguni mwa gari. Akajifunza majina ya spana kwa ukubwa. Fundi, kwa upande wake, akajikuta anapaka wanja kabla ya kuvaa ovaroli. Shangazi mtu aliyaona yote hayo kupitia dirisha la jikoni, akawa anaongeza sahani mezani bila kuulizwa.

Halafu ukaja ujumbe kutoka kwa wenzake wa zamani wa mbio. Kulikuwa na uwanja mmoja uliobaki, na mwezi ujao ungefanya mashindano ya magari madogo. Mizunguko kumi na miwili. Uwanja huo ulikuwa umbali wa kilometa elfu moja na sitini.

Fundi aliusoma ujumbe ule mara tano, kisha akampigia Spika. "Mpenzi, njoo. Njoo sasa hivi."

Spika akaja. Alisikiliza huku ameegemea boneti, na kadiri Fundi alivyozidi kueleza, ndivyo alivyozidi kukunja mikono kifuani.

"Kiroboto hawezi kwenda mwenyewe," Fundi alisema. "Giaboksi yake ni ya mbio, barabarani itakufa njiani. Lakini wewe una trela. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi."

"Na mbio zenyewe ni za muda gani?"

"Dakika kumi na nane. Labda kumi na tisa."

Spika akatazama chini. "Siku nne za kukokota kwa dakika kumi na nane. Kweli inafaa?"

Lilikuwa swali la kawaida. Lakini Fundi alikuwa amelisikia kwa miaka sita, kwa binamu, kwa majirani, kwa mchumba wa kwanza aliyemwambia achague kati yake na kigari. Kulisikia kwa mtu huyu kulimchoma vingine.

"Kumbe na wewe," alisema taratibu.

"Na mimi nini?"

"Umekuwa ukinishikia taa ukinicheka moyoni."

"Sijakucheka hata siku moja. Nasema tu njia ile ina mteremko mbaya, na trela..."

"Trela lako linabeba maspika ya watu kila wiki halina shida. Likiambiwa libebe changu ndiyo lina shida?"

Spika akajibandua kwenye boneti, akaifuta kwa kiganja pale alipoegemea.

"Nenda," Fundi akasema. "Na usinipigie simu tena."

Akaenda. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kushika neno, hakupiga.

Siku ya kwanza Fundi aliona amefanya la maana. Siku ya tatu akawasha na kuzima simu yake akidhani imeharibika. Siku ya tano alichonga jino la mbele likatoka refu kama la sungura, ikabidi aanze upya. Jioni hiyo shangazi alimkuta mezani, chakula kimepoa, macho kwenye simu.

"Ulimwambia asikupigie," shangazi akasema. "Sasa unaikodolea macho ya nini?"

"Nasubiri simu ya kazini, shangazi."

"Meno yanapiga simu siku hizi?"

Fundi akataka kununa, akashindwa, akacheka na machozi yakamtoka humohumo. "Angenipenda angepiga."

"Angepiga ungesema hana masikio. Mwanangu, hebu fanya uamuzi mmoja, tujue tunalia nini."

Usiku akampigia. Simu haikupatikana. Akapiga asubuhi, haikupatikana. Akapita hadi kwake, akakuta trela limeegeshwa uani, pikapu haipo. Jirani akamwambia jamaa aliondoka siku nne zilizopita, hakusema anakwenda wapi. Fundi akarudi kazini amenyong'onyea. Moyoni akajiambia: Basi. Nimemfukuza, amefukuzika.

Siku ya nane, saa sita mchana, mlango wa chumba cha plasta ukagongwa. Spika alikuwa amesimama pale, nywele nyekundu kwa vumbi, midomo imepasuka kwa upepo, shati la mistari halijulikani tena mistari yake.

"Hukunikataza kuja," alisema. "Ulinikataza kupiga simu tu."

Fundi hakujua acheke au amrushie kitu. Akamvutia kigoda. "Ulikuwa wapi?"

"Huko. Uwanjani."

"Uwanja upi?"

"Wa kilometa elfu moja na sitini. Nilikwenda bila trela, kuitazama njia. Huko kati mtandao hakuna kabisa." Akaketi. "Nina jambo nilipaswa kukwambia siku ile. Miaka mitatu iliyopita, kwenye mteremko, trela lilinichomoka. Lilinipita ubavuni, nikaliona kwa macho yangu, likaingia korongoni na maspika yote. Kona ya chini yake kulikuwa na watu wanangoja basi. Hatua thelathini tu, Fundi. Tangu siku hiyo sijakokota kitu nje ya mji. Uliposema siku mbili, nikaliona korongo lile tena. Nikaona aibu kusema, ndiyo maana nikauliza lile swali la kipumbavu."

Fundi akaweka chini kisu chake cha kuchongea. Akamshika mkono, vumbi jekundu likachanganyika na jeupe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unakimbiza gari mpaka watu wanafumba macho. Ningekwambiaje kwamba mimi naogopa mteremko?"

"Ungeniambia hivyohivyo." Akampangusa vumbi begani. "Sasa niambie ulichokiona. Bila kunifurahisha. Inafaa?"

"Njia inapitika. Mteremko ni mmoja, mrefu, kilometa tisa. Uwanja umechoka, lami ina nyufa, choo kimoja hakina mlango. Lakini niliuzunguka wote kwa miguu. Kuna kona moja ndefu inapanda na kugeuka kwa pamoja. Nilisimama pale nikawaza, hapa Fundi hatashika breki. Nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Kama inafaa au haifai, hilo useme wewe."

Fundi alitazama rafu yake, safu kwa safu za meno zikimtazama. Miaka miwili alikuwa akiwatengenezea wengine tabasamu.

"Tunakwenda," alisema. "Ila mteremko huo nitaendesha mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Walifunga Kiroboto kwa mikanda minne, Spika akaongeza minyororo miwili, akaikagua kila waliposimama mpaka Fundi akamwambia ataimaliza kwa kuishika. Siku ya pili, mchana, barabara ikaanza kuinama. Spika akaegesha pembeni, akahamia kiti cha abiria. Fundi akaweka gia ya pili na kushuka kilometa tisa zote kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, akiimba wimbo usio na maneno. Chini kabisa, Spika alikuwa bado ameshikilia mlango kwa mikono miwili.

"Achia mlango wa watu," Fundi akasema. "Tumefika."

Akaachia. Akacheka kwa sauti kubwa, sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, hadi ndege wakaruka barabarani.

Katika mbio Kiroboto alishika nafasi ya saba kati ya magari kumi na matatu. Kwenye ile kona ndefu Fundi hakugusa breki hata mara moja, na mizunguko yote kumi na miwili alimwona mtu mrefu juu ya tuta, anaruka na kupunga shati.

Siku ya kurudi, Fundi akiwa kwenye usukani, walisimama kituo cha mafuta. Spika aliikagua minyororo mara tatu, akarudi kitini.

"Nataka kukuuliza jambo," alisema hatimaye. "Nikuulize hapa, au nisubiri tufike nivae shati safi?"

"Uliza hapa. Hilo shati nimeshalizoea."

Akavuta pumzi. "Nioe."

Fundi akamtazama. "Nikuoe? Mimi?"

"Hapana, yaani, nikuoe. Au uolewe. Lo! Ilikuwa imekaa vizuri kichwani." Jasho likamtoka. "Tuoane, Fundi. Atakayemwoa mwenzake tutajua hukohuko mbele."

Fundi alicheka mpaka akalalia usukani, na honi ikalia, na mtu wa pampu akageuka.

"Nimekubali," alisema. "Kwa lugha yoyote."

Akampigia shangazi palepale, akaweka sauti wote wasikie.

"Umekuwa wa ngapi?" shangazi akauliza.

"Wa saba, shangazi. Na naolewa."

Vigelegele vikatoka kwenye ile simu ndogo vikajaa pikapu nzima. Vilipokwisha, shangazi akakohoa, akarudisha heshima yake.

"Huyo bwana yupo hapo?"

"Shikamoo, shangazi," Spika akasema, ameinama kwenye simu.

"Marahaba, baba. Mje taratibu. Na mkifika, usipitie nyuma gerejini kama ulivyozoea. Pita mlango wa mbele, mkwe."