Aliyemtoa Kanali Nje

Kanali Sir Ambrose Pell alikutwa alfajiri, saa kumi na mbili na robo, amelala chali kwenye nyasi za uwanja wake kule Muthara, Meru, blanketi chini, blanketi juu, kama mtu aliyewahi kuota jua kabla jua lenyewe halijaamka. Ukungu ulikuwa mzito. Mlinzi wake, Kathuri, ndiye aliyepiga nduru. Majirani wakaja mbio, wakaiona maiti, wakamwona Kathuri, wakaanza kumpiga Kathuri.

Inspekta Mukami alipofika, Kathuri alikuwa ameshapoteza meno mawili na kiatu.

"Kesi imejitatua, madam," alisema Konstebo Riungu. "Jana Kanali alimfuta kazi mbele ya watu. Leo Kanali ni maiti. Hata mama yangu angejua ni nani."

"Basi mlete mama yako. Wewe urudi nyumbani ukapike."

Daktari alikuwa na maneno machache. Mzee alizibwa pumzi kwa mto. Nyuzi zilikuwa mdomoni. "Alifia kitandani. Tazama godoro lilivyoloa mkojo. Nyayo zake hazina tope, kwa hiyo alibebwa."

Mukami akakuna kichwa. Umeua mtu kitandani mwake, hakuna aliyekuona. Kwa nini umtoe kwenye baridi, tena umtandikie?

Lakini watu hawakuwa na swali. Kathuri angefikishwa mahakamani kesho yake, na nje ya kituo cha polisi alikofungiwa kijana mmoja alikuwa ameshaleta petroli.

Kanali alikuja Kenya akiwa kapteni wa jeshi la Uingereza, akaoa Marcella wa Mikinduri, akastaafu, akalima. Walipata mtoto mmoja tu, binti, Gladwell. Marcella alikufa, akazikwa nyuma ya jikoni. Kisha kaka yake Kanali akafa huko Uingereza bila mtoto, na ubaroneti ukamwangukia mzee: jina la "Sir" na jumba linalovuja. Cheo hicho hurithiwa na wanaume tu. Ndipo akatokea Julian, mtoto wa marehemu mdogo wao wa kiume, na sanduku la nguo zisizojua matope.

"Sasa wewe ni Sir Julian," Mukami alimwambia. "Hongera."

"Cheo hakinilishi," Julian alijibu. "Baba mkubwa alitaka nyumba na shamba viandamane na jina. Wakili alikuwa aje Jumatatu kuandika wosia mpya. Nilimhitaji hai mpaka Jumatatu!"

"Ungeishi hapa?"

"Hapa? Na mvua hii? Ningeuza kabla ya Krismasi."

Kathuri naye, akiwa seli, aliongea kupitia midomo iliyovimba. "Madam, mimi nilikuwa nimeshafunga virago. Ningemuua, ningemtandikia wa nini? Ningekuwa Isiolo saa hii."

Mukami aliketi kwenye gari akamkumbuka nyanya yake kule Siakago, Embu. Alipoanza kukoroma mkoromo wa mwisho, wazee walimbeba wakamlaza uani. Mukami alikuwa mtoto. Alilia akidhani wanamtupa. Shangazi akamweleza kwamba mtu akifia ndani, nyumba hiyo hailaliki tena.

"Riungu, nyinyi Wameru mlikuwa mkiwatoa nje watu wanaokata roho?"

"Zamani, madam. Siku hizi tunawapeleka hospitali, wanafia huko."

Mukami hakucheka. Julian angeiuza nyumba. Kathuri alikuwa anaondoka. Anayemtoa mzee nje ni yule anayetaka kulala ndani.

Walimkuta Gladwell akiwa pekupeku, akisugua sakafu ya chumba cha baba yake.

"Karibu, madam. Chai iko jikoni."

"Asante, sikai. Kathuri anaenda kortini kesho. Nimekuja tu kukupa pole ya nyumba."

"Nyumba imefanya nini?"

"Si mzee alifia ndani? Kwa mila, nyumba hiyo ni ya kuvunjwa."

"Hakufia ndani!" Gladwell aliinuka na brashi mkononi. "Nilimtoa akiwa bado..."

Maji machafu yalimdondoka vidoleni.

"Malizia," Mukami alisema taratibu.

"Alikuwa mwepesi kama mtoto." Alikaa kwenye kizingiti. "Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko, miaka. Mama yangu amelala pale nje. Halafu ananiambia, 'Binti yangu, wewe huwezi kubeba jina.' Jina! Mimi niliyembeba yeye mzima mzima!"

"Na Kathuri?"

"Nilijua mtamwachilia."

"Na meno yaliyobaki?"

Gladwell akainama. Riungu alishaenda nje kupiga simu kituoni, wamtoe Kathuri kwa mlango wa nyuma.

"Lakini alifia nje," Gladwell alisema huku akinyoosha mikono kwa pingu. "Nilipomfunika nilisikia pumzi. Nyumba ni safi. Hata nikifungwa, iko. Nitairudia."

Mukami angeweza kunyamaza. Alitamani kunyamaza.

"Ile ilikuwa pumzi yako, Gladwell. Ulikuwa umebeba mtu. Daktari anasema alifia pale kitandani. Hilo halikuwa mtego."

Gladwell alikitazama kitanda, kisha sakafu aliyokuwa ameisugua. Akainuka haraka, akaruka kizingiti mpaka kwenye nyasi zenye umande.

"Basi Julian aichukue," alisema.

Riungu alimuuliza kama avilete viatu vyake vilivyokuwa ndani. Akakataa, akatembea pekupeku mpaka kwenye gari.