Kituo cha Anga Juu ya Kamba za Nguo

Dobi hana jioni. Jua likizama wenzake hupumzika, lakini yeye ndipo wateja humjia mbio, kila mmoja akitaka shati lake la kesho. Dobi wetu, mama mmoja, alifua asubuhi, akaanika mchana, na jioni akapiga pasi ya mkaa uani, chini ya taa kubwa. Shuka za nyumba ya wageni zilijaa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ukisimama uani kwake, mbingu huioni.

Mumewe alikuwa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji, na kambi yao ilihama kila bomba liliposonga mbele. Mtandao huko ulikuwa wa shida. Ili apige simu, alilazimika kupanda juu ya tangi la maji.

Mtoto wao wa kike walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alfajiri mdomo wake haukufungwa. Lakini akipewa simu azungumze na baba yake, kimya. Baba aliondoka yeye akiwa bado anatambaa.

"Baba anakaa humu," alimweleza mteja mmoja, akiigeuza simu na kuichungulia nyuma. "Chaji ikiisha, analala."

Mteja alicheka mpaka akashika mbavu. Dobi naye alicheka, kisha akainama haraka juu ya pasi. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, na lake mumewe lilikuwa likififia moyoni mwa mtoto. Dobi alitamani Chiriku ajue kwamba baba ni mtu. Ana miguu, ana jasho, yuko mahali fulani chini ya mbingu hii hii.

Siku moja mume alipiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mke wangu, huku tumeona kituo cha anga! Kile chombo kikubwa wanachokaa watu huko juu. Kinapita jioni. Mkitazame na ninyi. Angalau tuwe na kitu kimoja tunachokitazama sote."

Maneno hayo yalimchoma dobi. Usiku ule alimaliza pasi, akambeba Chiriku aliyekuwa akisinzia, akapenya kati ya shuka mpaka penye upenyo mdogo. Walingoja sana. Mwishowe taa nyekundu ikapita.

"Ndicho hicho! Mpungie baba!"

Simu ilipolia tena, dobi hakungoja hata salamu. "Tumekiona! Chekundu, kinawaka na kuzima. Mtoto kakipungia mpaka kachoka."

Mume akauliza:

"Saa ngapi hiyo?"

"Nilipomaliza pasi. Watu wote wamelala."

"Mke wangu," mume alisema polepole, "hiyo ni ndege."

Mtandao ukakatika. Dobi alibaki na simu mkononi, roho ikimuuma. Kumbe walikuwa wamempungia rubani!

Kesho yake alikuja jirani yao kuchukua sare zake. Alifanya kazi kituo cha hali ya hewa, na mtaa mzima walimwita Mama Mvua, maana mvua ikinyesha ghafla lawama zote zilikuwa zake.

"Leo nianike nje, au nikuamini?" dobi alimtania, kama kawaida yake.

"Anika. Ikinyesha, nafua mimi." Mama Mvua akamtazama vizuri. "Lakini wewe leo huna raha. Kulikoni?"

Kuuliza si ujinga. Dobi alimweleza yote, hata habari ya rubani. Mama Mvua hakucheka. Alivuta kigoda akaketi.

"Ulitazama saa mbaya, shoga yangu. Kile kituo hatukioni kwa taa zake. Kinang'aa kwa sababu jua linakimulika. Jua likizama, huku chini kwetu giza linaingia. Lakini chenyewe kiko juu mno, kilomita kama mia nne. Huko jua bado linakifikia. Kwa hiyo tunakiona jioni giza linapoanza, au alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Usiku wa manane nacho kimo ndani ya kivuli cha dunia. Utakesha bure."

"Nitakitofautishaje na ndege?"

"Taa za ndege zinawaka na kuzima. Kituo ni mwanga mmoja mweupe, haupepesi, hauna sauti. Kinavuka mbingu kwa dakika chache tu."

"Na darubini nitatoa wapi?"

"Darubini ya nini? Macho yako yanatosha."

"Kinapita kila siku?"

"Si kila siku tunakiona. Lakini saa na upande hutangazwa kwenye mtandao." Mama Mvua alifungua simu yake akasoma. "Kesho, saa moja na robo jioni, kitatokea magharibi."

Dobi alishusha sauti. "Na kule kwenye mabomba?"

"Kwa jinsi kilivyo juu, wa huku na wa huko mtakiona wakati mmoja."

Wakati mmoja! Dobi aliyarudia maneno hayo moyoni.

"Ila shuka hizi zianuliwe," Mama Mvua aliendelea, "na taa hii uizime mapema. Usitazame makaa pia. Macho yanahitaji muda kuzoea giza."

"Saa hiyo ndiyo ya wateja! Watasema nini?"

"Watasema. Kwani leo hawasemi?"

Dobi alimtumia mumewe ujumbe wenye maelezo hayo yote. Kesho yake mawingu yalitanda mchana kutwa, naye hakula kwa wasiwasi. Jioni upepo ukayasukuma. Aliweka pasi kando, akazima taa, akaanza kuanua.

"Mama, koti langu la kazi!" alilalamika muuza dawa aliyekuwa akingoja. "Nina zamu!"

"Koti halikimbii, baba. Hiki ninachokingoja kinakimbia. Shika ncha hiyo, tukunje."

Muuza dawa alishika. Kamba zikabaki tupu, na mbingu yote ikawa yao. Macho yalipozoea giza, nyota zikaongezeka. Ndipo simu ikalia. Dobi akaifungulia spika, akampa Chiriku.

"Niko juu ya tangi," baba alisema. "Tazameni magharibi."

Mwanga mweupe ulipanda juu ya mapaa. Haukupepesa. Ulikuja bila haraka, ukiwa mkali kuliko nyota zote.

"Nakiona!" Chiriku alipiga kelele.

"Na mimi huku nakiona, mwanangu. Sasa kiko juu kabisa. Haya, kinashuka. Kinafifia..."

"Kinafifia!"

"Kimeingia kwenye kivuli cha dunia," baba alisema.

Mwanga ukazimika palepale. Chiriku aliitazama mbingu, akaitazama simu, akatazama tena mbingu.

"Baba," alimwita kwa mara ya kwanza, "kumbe na wewe uko nje?"

"Niko nje, mama. Kuna upepo mwingi huku."

"Kama uko nje, basi njoo."

Upepo ulivuma kwenye simu. Walisikia pumzi ya baba.

"Nitakuja," baba alisema hatimaye. "Tuongee kwanza. Umekula nini leo?"

Chiriku akaanza kusema, na aliposhika kusema hakukuwa na wa kumzuia. Dobi hakuichukua simu, ingawa naye alikuwa na mengi ya moyoni. Aliwaacha wawili hao wazungumze. Akawasha taa, akarudi kupiga koti pasi huku machozi yakimtoka, na muuza dawa hakuitaja zamu tena.