Haulizwi Alikotoka

"Mgeni mpe jembe siku ya kwanza, hizo siku mbili za kumbembeleza ndizo zinazomharibu."

Maneno hayo Moreen Nanyama aliyatamka mvua ikimpiga usoni, ameshika ncha ya turubai katikati ya soko moja la Bugolobi. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma, ambaye alikuwa amemwambia tu, kwa upole kabisa, "Acha, dada. Wewe mgeni, jikinge pale."

Wakakaza kamba pamoja. Vikapu vya kijana, vyekundu na vya zambarau, vilinusurika. Rinda la manjano la Moreen halikunusurika. Lilimganda miguuni kama ngozi.

"Methali hiyo haisemwi hivyo," kijana akacheka.

"Nimeirekebisha. Nina diploma."

Kijana aliitwa Abdul-Latif Kamis, Mnubi, mzaliwa wa Kampala kama baba yake na babu yake. Moreen alikuwa wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka. Alifundisha polisi wa Nsambya Kiswahili, na siku hiyo alikuja kwa sababu chama cha wachuuzi kilimwomba awaandikie katiba. Pale sokoni kulikuwa na Waganda, Wakongo na Wakenya, na lugha iliyowakutanisha wote ilikuwa Kiswahili hicho, ingawa kila mmoja aliivunja kwa namna yake.

Kabla mvua za msimu hazijakatika, simu zao zilikuwa hazipoi.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula rolex, chapati na mayai yake. Na usiniite mwalimu, unanizeesha."

"Nikuite nani basi? Asali?"

"Asali huvutia nzi. Niite Moreen, ila ulitamke polepole."

"Mo-reen."

"Hapo sawa. Endelea."

Kilichowagombanisha ni neno moja. Kifungu cha pili cha katiba kilisema kibanda cha kudumu atapewa mwenyeji, na kura atapiga mwenyeji. Mwenyeji ni nani? Hapo palikuwa patupu, na Moreen ndiye aliyepaswa kupajaza.

"Aliyezaliwa hapa," Latif alisema, wakiwa Luzira karibu na ziwa, sahani ya samaki katikati yao. "Imekwisha."

"Na yule Mkongo, Séraphine? Anauza vitenge pale tangu wewe hujaota ndevu."

"Séraphine ni kama mama yangu. Lakini alikuja."

"Na mimi?"

Latif akauchambua mwiba muda mrefu kuliko ulivyostahili. "Sikia, Moreen. Babu yangu alizaliwa hapa, na bado watu walimwuliza, mtarudi lini kwenu? Kwetu wapi? Jeshi la Waingereza ndilo lililoleta wazee wake. Sudan yenyewe hakuwahi kuiona. Kuzaliwa hapa ndiyo kitu tulicho nacho. Ukiandika kwamba kukaa kunatosha, kesho mtu atasimama aseme, na nyinyi mlikaa tu."

"Kwa hiyo unawafungia wengine mlango ule ule mliofungiwa."

"Naushikilia nisisukumwe nje."



Jumapili, Moreen alipotoka misa, Latif alimpeleka kwa mama yake. Bi Aminah alimpokea amejifunga gurbaba nyekundu, lile vazi la wanawake wa Kinubi, ubani ukifuka mlangoni, kisra, mikate myembamba laini, zikiwa zimekunjwa kama leso kando ya bakuli la mchuzi. Moreen alikula akashiba. Kwao Bungoma, msichana anayetakwa na ukoo huonyeshwa jiko mapema, naye akainuka kukusanya sahani.

"Keti, binti yangu," Bi Aminah akamshika mkono. "Wewe mgeni."

Moreen akasikia kifungu cha pili kikisomwa kwa sauti ya mama mtu. Akauchomoa mkono wake taratibu, akabeba sahani hadi bombani, akaziosha zote huku mashangazi wakitazamana. Hakujua kwamba katika nyumba ile, mgeni akiosha alicholia, ametangaza kwamba mwenye nyumba hana watu.

"Umemwaibisha mama yangu," Latif alimwambia getini.

"Naye ameniambia mimi ni nani kwenu."

Simu zikapoa. Moreen akafundisha, akala peke yake, akaiandika sentensi ya mwenyeji na kuifuta, akaiandika tena. Kila alipoifuta alimwona mzee asiyemjua, anaulizwa atarudi lini kwao.

Siku ya mkutano, mwenyekiti Joska aligonga sufuria watu wanyamaze. Moreen akasimama na gauni lake la kitenge cha buluu.

"Kifungu cha pili. Mwenyeji ni aliyezaliwa hapa; haulizwi babu yake alitoka wapi. Mwenyeji pia ni aliyefanya kazi hapa miaka mitatu; haulizwi alizaliwa wapi. Atakayemwuliza mwenzake, kura yake yeye itasimamishwa."

"Banange! Si kila mtu atakuwa mwenyeji?" muuza ndizi mmoja akalalamika.

"Na wewe itakupunguzia nini?" Séraphine akamjibu.

Kule nyuma, Latif alikuwa ameinama. Babu yake ndiye aliyetangulia kwenye kifungu kile. Waliokuja, kama Moreen na Séraphine, walifuata nyuma yake. Akainua mkono. Mikono mingine ikafuata, mingi, hata Joska akaacha kuihesabu.

Baadaye Latif alimkuta Moreen kando ya vikapu, anachezea kamba ya turubai.

"Umemtanguliza mzee wangu."

"Ulikuwa na haki. Nilikuwa nimekukasirikia, lakini haki ulikuwa nayo."

"Na wewe ulikuwa nayo." Akasogea. "Habibi, nimemwambia mama nataka kukuoa."

"Akasemaje?"

"Kwanza alicheka. Kisha akasema, yule wa sahani aje aombe radhi. Neno moja tu, Moreen. Ulitamke polepole, tumalize."

Moreen akaikaza kamba ile, fundo likauma.

"Kuolewa nimekubali. Jumapili nitakuja, nitamsalimu mama kwa magoti yote mawili, nitapika, nitakula. Halafu sahani nitaziosha tena, zote, na masufuria juu yake. Lakini radhi ya kuosha vyombo vya kwetu, Latif, siombi."